Bakteria wa Ruai Hawajaulizwa

Niliandika lebo ya dawa ya kusafishia sakafu nikalipwa shilingi 4,500. Bosi alitaka sentensi mbili zisimame mbele kwa herufi kubwa. Ya kwanza: INAUA 99.9% YA VIINI. Ya pili, chini yake, kwa rangi ya kijani na picha ya jani: RAFIKI WA MAZINGIRA. Nilikuwa nimesota, tarehe ya kodi imepita, na mwenye ploti alikuwa ameshabisha mlango mara mbili. Sentensi hizo nikazilaza kitanda kimoja kama nilivyoagizwa, nikatuma faili, nikangoja M-Pesa ilie.

Pesa ilikuja pamoja na chupa moja ya bure. Nikapiga deki chumba changu, nikamwaga ndoo chooni, nikavuta maji. Ni hapo, nikisikiliza maji yakishuka kwa bomba, ndipo niliposhtuka. Kama hii dawa inaua 99.9% ya viini hapa sakafuni, ikifika Ruai inaacha kuua? Inavua kofia, inasalimia, inapita?

Nikamwandikia bosi kwa WhatsApp: "Bosi, hii kitu imepimwa kwa bakteria wa maji taka?" Akanirudishia sauti, anacheka kabla hajaongea. "Kijana, hao wadudu wa choo ndio wateja wetu ama?"

Nilimjibu "haha, sawa bosi." Jibu lenyewe ni hili, na naliandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayefikiri hivyo.

Ukipanda matatu za Kangundo Road, kuna mahali abiria wanafunga madirisha kwa pamoja bila kuambiana. Harufu hiyo tumeifanyia vichekesho vingi. Lakini ile ni harufu ya kazi. Maji taka mengi ya Nairobi ile iliyounganishwa na mabomba huishia kwenye mabwawa ya Ruai, mtambo unaoitwa Dandora ingawa hauko Dandora. Mabwawa ya kwanza ni ya kina kirefu na hayana hewa. Humo bakteria wasiohitaji oksijeni wanamega kinyesi na kutoa gesi. Yanayofuata yana tabaka mbili: chini giza, juu mwani wa kijani unaotengeneza oksijeni jua likiwaka, na bakteria wa juu wanaivuta oksijeni hiyo wakiendelea kula kilichobaki. Mwisho kuna mabwawa ya kina kifupi ambapo jua na muda vinamalizana na vijidudu vya magonjwa. Kisha maji yanaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unageuka Galana, Galana unageuka Sabaki, na Sabaki unamwaga baharini karibu na Malindi. Mtu wa Malindi na mimi tunajuana kupitia choo.

Katika safari yote hiyo, anayefanya kazi nzito ni kiini. Kiini yule yule ambaye mimi nilipewa 4,500 nijisifu kwamba tunamuua.

Sasa, kipimo kipo. Hii ndiyo inaniuma. Kama hakingekuwapo ningesema basi, sayansi bado, tungoje. Lakini OECD, ile klabu ya nchi tajiri, iliweka mwongozo wake namba 209 mwaka 1984 na kuufanyia marekebisho mwaka 2010, na kazi yake ni moja tu: kuiuliza kemikali itawafanya nini bakteria wa mtambo wa maji taka. Na ni rahisi hadi inaudhi.

Unaenda kwa mtambo unaopuliza hewa kwenye matangi, unachota tope. Tope hilo si uchafu tu, ni bakteria kwa mabilioni walioshikamana. Waingereza wawili, Edward Ardern na William Lockett, walionyesha mwaka 1914 kule Manchester kwamba ukipuliza hewa kwenye maji taka na usilitupe tope linalotuama, ukalirudisha tena na tena, kazi inakwenda haraka zaidi kila mara. Miji mingi duniani inaishi kwa ugunduzi huo. Basi, unalichukua tope lako na kulilisha maji taka bandia: peptoni, dondoo la nyama, urea, chumvi kidogo. (Nimewahi kula supu mbaya kuliko hiyo, na niliinunua.) Unagawa kwenye vyombo kadhaa. Kimoja unakiacha bila kitu. Vingine unatia kemikali, kidogo hapa, zaidi pale. Unapuliza hewa kwa saa 3, kwenye nyuzi 20 hivi. Kisha unajaza chupa, unaifunga isiingie hewa, unatumbukiza kifaa cha kupima oksijeni na kutazama namba ikishuka.

Bakteria wakiwa wazima, namba inashuka mbio kwa sababu wanapumua. Wakiwa wanaumia, namba inatambaa. Kiwango cha kemikali kinachopunguza pumzi yao kwa nusu ndilo jibu lako, nalo huitwa EC50. Na ili mtu asilete stori za jaba, kuna mtego: lazima upime pia kemikali ambayo sumu yake inajulikana, kwa kawaida 3,5-diklorofenoli, ambayo inapaswa kukata pumzi ya tope kwa nusu kati ya miligramu 2 na 25 kwa lita. Ikitoka nje ya hapo, tope lako au mikono yako ina shida. Rudia.

Kuna kundi moja la bakteria ambalo lazima nilitaje, kwa sababu ndilo linaloumia watu wakiwa wanasherehekea. Hawa kazi yao ni kugeuza amonia, ile inayotoka kwa mikojo yetu, kuwa naitriti na kisha naitreti. Wanazaana polepole sana na wanadhurika haraka. Ukipima pumzi ya tope zima unaweza kuona iko sawa, kumbe hawa wameshanyamaza na wenzao wanaokula uchafu mwingine ndio wanaopumua. Amonia inapita ilivyo, inaingia mtoni, na amonia ni sumu kwa samaki. Kipimo cha 209 kinaweza kuwatenganisha: unatia dawa inayowazima makusudi kwenye chupa nyingine, unatoa hesabu, unajua nani ameacha kupumua. Kwa hivyo si ati ni kipimo cha kubahatisha. Waliokitengeneza walifikiria hadi hapo.

Sijamaliza chuo. Naisema sasa ili mtu asije kunidai cheti. Niliacha mwaka wa 3, kozi ya kemia, kwa sababu karo ilinishinda, na sitamtaja mtu wala chuo kwa kuwa hadithi hiyo mnayo nyote majumbani kwenu. Kitu kimoja nilitoka nacho. Tulikuwa tunafundishwa kupima COD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu ulio kwenye maji utakihitaji ukichomwa kikemikali. Ni kipimo cha watu wa mazingira. Ndani ya kile kijichupa unatia potasiamu dikromati, asidi ya salfuriki, chumvi ya fedha na chumvi ya zebaki. Kromiamu na zebaki, manze. Baada ya kusoma namba na kuandika kwenye daftari kwamba maji ya mto ni machafu, tukauliza hivi vijichupa vinaenda wapi. Fundi wa maabara, mzee mpole sana aliyetuita "wanangu", akasema, "Mwageni kwa sinki, wanangu, lakini fungulieni maji mengi."

Nilimwaga. Darasa zima tulimwaga. Tulipima uchafu wa mto asubuhi na jioni tukautumia zebaki.

Hayo "maji mengi" ndiyo imani ya kitaifa. Fundi anaiamini, bosi wangu anaiamini, kiwanda kinachofungulia bomba usiku kinaiamini, na mimi niliyemwaga ndoo chooni niliiamini hadi nilipovuta maji. Ati ni tone tu. Shida ya tone ni kwamba bwawa halipokei tone langu, linapokea matone ya mji mzima ambao asubuhi moja ya Jumamosi umeamua kupiga deki.

Kwenye orodha ya viambato niliyotumiwa kulikuwa na benzalkoniamu kloridi. Utaikuta kwenye dawa nyingi za sakafu na za kupangusia meza. Ni dawa ya maana, wala sitaki mtu aiondoe hospitalini. Inaua kwa kupasua utando wa seli, na utando wa bakteria wa Ruai haujui kujitambulisha kwamba wenyewe ni watu wazuri. Ikifika kidogo kidogo, inang'ang'ania tope, na bakteria wengine wanaweza kuizoea hadi kuila. Ikifika nyingi kwa mara moja, inawanyamazisha. Kati ya kidogo na nyingi kuna mpaka, na mpaka huo ni namba. Namba hiyo ndiyo niliyomwomba bosi, akacheka.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba mara nyingi namba iko kwenye kabati lake. Sheria ya kemikali ya Ulaya, inayoitwa REACH, kwa kawaida inamtaka anayetengeneza au kuingiza kemikali ya tani 10 au zaidi kwa mwaka aeleze inavyowaathiri vijidudu vya mitambo ya maji taka. Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki hiki cha pumzi. Wakipata EC50, kwa kawaida wanaigawanya kwa 100 kabla ya kusema kiwango fulani ni salama kwa mtambo. Kwa mia! Hivyo ndivyo wanavyowaheshimu wadudu wa choo. Pipa la kemikali likishushwa Mombasa linakuja na karatasi ya usalama, na sehemu ya 12 ya karatasi hiyo ni ya mazingira. Ukibahatika, pale chini pameandikwa tope, saa 3, na miligramu kadhaa kwa lita. Tunainunua kemikali pamoja na namba yake, kisha tunaibandika jani la kijani na kutia namba kwenye faili.

Kuna mtu atasema basi yameisha, Wazungu wamepima, tunakili namba yao. Hapana. Wamepima kwa tope lao, la matangi yanayopulizwa hewa kwa mashine, kwenye nyuzi 20. Ruai kwa sehemu kubwa inaendeshwa na mabwawa, jua na mwani. Uchafu wetu unakutana kwanza na bakteria wasiovuta oksijeni kabisa, na hao kipimo cha pumzi hakiwagusi. Wana kipimo chao, mwongozo namba 224 wa OECD hiyo hiyo, ambao badala ya kuhesabu oksijeni inayovutwa unahesabu gesi inayotoka. Mwani nao una chake. Namba ya Ulaya ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Lakini tope la kuulizwa liko kilomita chache kutoka hapa nilipokaa, na tunaotaka kujua hatima yake ni sisi.

Na kuna mtu mwingine, huyu namheshimu zaidi, atakayeniambia: wewe umekaa kwenye nyumba yenye bomba. Nusu ya mtaa wangu choo ni shimo, na mfereji unaingia mtoni moja kwa moja, huo mtambo wako unaupigia kelele za nini? Ni kweli. Wengi wa jiji hili hawajaunganishwa, na hiyo ni aibu kubwa kuliko lebo yangu. Lakini shimo la choo pia ni kazi ya bakteria. Tangi la choo la ploti pia. Mtu akimwaga dawa kali humo kila wiki ili harufu ipungue, anawafuta kazi wale wale wanaofanya tope lipungue, kisha anashangaa eksosta inaitwa mapema. Anayelipa eksosta ni mpangaji. Kwa hivyo swali ni lile lile, la mwenye bomba na la mwenye shimo. Tofauti ni kwamba viwanda vingi vimeunganishwa na bomba, na kiwanda kimoja kikifungulia tangi usiku kinaweza kumwaga zaidi ya deki za mtaa mzima.

Hapo ndipo ninapotaka kuiuliza serikali kitu, maana viwanda hupimwa, hilo siwezi kukana. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka orodha ndefu. Maji yanayoachiliwa kwenye mazingira, BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD isizidi 50, metali hii kiasi hiki, ile kiasi kile. Orodha ni nzuri. Tatizo la orodha ni kwamba inauliza tu kuhusu vitu vilivyo na jina ndani yake, na kemia inazaa majina mapya kila mwaka. Mchanganyiko wa vitu 10, kila kimoja kikiwa chini ya kiwango chake, orodha inaupitisha. Bakteria hawasomi orodha. Wanapokea mchanganyiko.

Halafu kuna BOD yenyewe. Ni kipimo ambacho bakteria wanafungiwa na sampuli ya maji kwa siku 5 na tunatazama wametumia oksijeni kiasi gani. Uchafu mwingi, oksijeni nyingi imetumika, umefeli. Maji safi, oksijeni imebaki, umefaulu. Lakini tuseme sampuli ina sumu inayoua bakteria. Siku 5 zinapita, oksijeni imebaki karibu yote, kwa sababu hakuna aliyebaki hai wa kuitumia. Namba inatoka ndogo, inapendeza. Maji yenye sumu yanaweza kufaulu mtihani kwa kumuua mtahini. Mpimaji mwenye macho atagundua, atazimua sampuli zaidi na kuona namba inapanda badala ya kutulia, au ataona COD iko juu kupita kiasi na BOD iko chini na atajiuliza. Mpimaji mwenye foleni ya sampuli 40 na gari la kiwanda likimngoja nje atapiga muhuri.

Kipimo cha pumzi kwa saa 3 kinafichua ujanja huo asubuhi ile ile. Na kinafanya kazi kwa maji ya kiwanda kama yalivyo, si kemikali safi peke yake. Chukua maji yao, chukua tope letu, tazama kama linapumua. Sijaona kwa nini hii isiwe sharti la kupewa kibali cha kumwaga kwenye bomba la umma, kwa gharama ya mwenye kumwaga, na matokeo yabandikwe mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kuyasoma. Sijaona pia kwa nini mtu aruhusiwe kuchora jani kwenye chupa bila kuandika ile namba karibu na jani. Andika tu: tope, saa 3, EC50, miligramu kadhaa. Mnunuzi asipoielewa leo ataielewa kesho, jinsi tulivyojifunza kusoma tarehe ya kuharibika kwa maziwa.

Ati ni ghali? Kifaa cha kupima oksijeni kwenye maji kipo katika maabara za vyuo vyetu. Nilikishika mwaka wa 2, kilikuwa na ufa na kilifanya kazi. Pampu ya hewa ni ile ya watu wanaofuga samaki wa mapambo. Tope ni la bure. Kinachobaki ni wanafunzi wa kemia wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho na kuishia kupima tena yaliyopimwa na waliowatangulia. Wapeni hii. Wapeni chupa 20 kutoka rafu za duka lolote hapa mtaani, kila moja ina jani.

Baada ya ile "haha, sawa bosi" nilikaa wiki nzima, kisha nikamwandikia tena. Nikamwambia nitamrudishia 4,500 kwa awamu kama atatoa sentensi ya pili, au aniachie niitafutie namba bure. Alisoma. Zile alama mbili za samawati ziliwaka na zikabaki hivyo. Kazi ya lebo iliyofuata alimpa mtu mwingine, naye simlaumu, kodi haina maadili. Mwezi uliopita niliiona dawa dukani kwa Mama Mboga wa ghorofa ya chini, sentensi zangu zote mbili ziko palepale, na yule mama akaniambia inasafisha vizuri sana, mwanangu, hata harufu ya choo inaisha.

Nimeuliza maabara 3 zinazopima kwa malipo. Moja haikujibu. Ya pili iliniuliza niko na kampuni gani. Ya tatu, dada mmoja kwa simu alinisikiliza hadi mwisho, akasema kifaa wanacho, hewa wanayo, lakini hakuna mteja aliyewahi kuomba, na tope hawana. Akaniuliza kama naweza kulipata likiwa bichi, la siku hiyo hiyo, lisikae juani njiani.

Chupa ya bure iko kwa meza yangu, robo tatu imebaki. Kama unafanya kazi kwenye mtambo wowote wa maji taka, na unaamka mapema, niandikie. Ndoo ninayo, ina mfuniko, na nauli ya matatu nitalipa mimi.